Natafuta watu wa Kilwa kwenye madaftari ya Lisbon nikiwa hapa Dodoma: dhahabu nimeiona, watu bado

Mwana wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu, poleni na vumbi.

Uzi huu mrefu kidogo, wenye haraka pitieni tu. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari moja hapa mjini, nikajiongeza nikarudi chuo, sasa hivi naandika tasnifu ya masters. Mada yangu ni mji wa Lisbon miaka ya 1500, yaani mji ule ulivyokuwa unawapanga watu wake kwa rangi na dini wakati Ureno inajitanua baharini. Najua mtaniuliza mtu wa Nkuhungu na Lisbon wapi na wapi, hata mke wangu aliniuliza hivyohivyo, tena kwa ukali maana ada ya mtoto ilikuwa haijalipwa.

Jibu ni dhahabu. Mwaka 1502 Vasco da Gama safari yake ya pili alipitia Kilwa na merikebu zenye mizinga, akambana mtawala wa mji, Amir Ibrahim, mpaka akakubali kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ikafika Lisbon, mfalme Manuel I akaagiza itengenezwe monstransi, kile chombo Wakatoliki wanaweka Ekaristi na kuinua watu wapige magoti. Fundi anaitwa Gil Vicente, akamaliza 1506. Kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale kulekule Lisbon, na kwenye kitako chake kuna maandishi yamezungushwa yanasema mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Quiloa ndiyo Kilwa wakuu. Na kumbukeni kabla hata fundi hajamaliza kazi, Julai 1505 manowari za Francisco de Almeida zilishaivamia Kilwa na kuipora, mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa.

Nilipoiona picha ya hayo maandishi kwenye simu nilikaa kimya muda. Nikajiambia kama dhahabu imeandikwa inatoka mji gani, basi na watu watakuwa wameandikwa. Nikaingia kwenye madaftari ya ubatizo ya parokia za Lisbon, mengi yamepigwa picha na yapo mtandaoni bure, unachangia bando lako tu.

Miezi minne sasa. Mtu wa Kilwa sijamuona hata mmoja. Nitaeleza kwa nini nadhani simuoni, ila kwanza nisikie kama kuna aliyewahi kupita njia hii.

Chizi Maarifa wa Makole

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

Fursa Tu

Mkuu sikukatishi tamaa lakini miezi minne unaangalia madaftari ya wazungu waliokufa zamani, hiyo bando ungenunua hata vifaranga. Haya mambo yanamsaidia nani na maisha yalivyo.

Mwana wa Nkuhungu

Vifaranga nilishafuga mkuu, vikafa na mdondo vyote. Ngoja niendelee na wafu wangu ambao hawafi mara ya pili.

Sasa wakuu, daftari lenyewe likoje. Ukurasa umekoza kahawia, mwandiko wa kuunganisha kama mtu anashona, na karani anafupisha majina kwa kubana karatasi. Mª ni Maria. Frz ni Fernandes. Roiz ni Rodrigues, hiyo ilinichukua wiki nzima nikidhani ni mtu kutoka Ufaransa. Mstari mmoja unakwenda hivi: tarehe, jina la mtoto, halafu mama anaitwa fulani, halafu neno moja, *preta*, yaani mweusi, halafu *escrava de*, mtumwa wa, halafu jina refu la bwana mwenye mali na mtaa anaokaa. Sehemu ya baba mara nyingi pako wazi. Mama ana jina moja tu la kikristo, akibahatika ana la pili na hilo mara nyingi ni la ukoo wa bwana wake. Yaani ukimfuatilia unajikuta unafuatilia familia ya bwana.

Mimi nilichofanya, kila nilipoona preta nikaandika kwenye daftari langu "mweusi". Nikaona *mouro* nikaruka, nikasema hao Waarabu hawanihusu. Nikapeleka sura ya kwanza kwa supavaiza. Ikarudi imejaa wino mwekundu, na pembeni ameandika swali moja tu kubwa: "Nani amesema hawa ni weusi, wewe au karani?"

Nilikasirika, sitaki kuwadanganya. Nikaona ananichosha. Nikatembea kwa mguu kutoka stendi mpaka nyumbani nikimjibu kimoyomoyo.

Ila alikuwa sahihi, na hapo ndipo kazi ilipoanza upya.

Binti Mpwapwa

Swali lake zuri sana lakini, maana Wareno walipofika pwani yetu hawakuandika "Waswahili". Mtu wa mjini mwenye msikiti na kanzu yake walimwita mouro, hata kama ngozi yake nyeusi kama yangu. Yule wa bara asiye Mwislamu wakamwita *cafre*. Hilo neno mnalijua jamani, ni kafiri hilo! Wamelichukua kwa Waislamu wa hukuhuku.

Mwana wa Nkuhungu

Dada umenimaliza kabisa, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Kafiri ni neno la dini. Mwislamu anamwita hivyo asiyeamini, awe mweupe awe mweusi, na Mreno mwenyewe angeitwa hivyohivyo pale Kilwa. Mreno kalichukua kwa masikio, kaliweka kwenye merikebu, na huko lilikokwenda, Msumbiji, Goa, Lisbon, likaanza kumaanisha mtu mweusi wa upande huu wa Afrika hata akishabatizwa. Fikiria mtu amebatizwa, ana jina la mtakatifu, na bado anaitwa kafiri! Neno limeshaacha dini limehamia kwenye ngozi. Kwangu mimi hapo ndipo unaona ubaguzi wa rangi unatengenezwa, huhitaji hata kusoma nadharia, lifuate neno moja tu linavyobadilika mkononi mwa makarani.

Na ndiyo maana mtu wa Kilwa simuoni. Kama alifika Lisbon, kuna uwezekano karani alimwandika mouro, nami nilikuwa naruka mouro wote kwa ujinga wangu mwenyewe. Nimerudi ukurasa wa kwanza.

Abu Nzuguni

Assalaam alaykum. Nilikuwa nasubiri mtu aseme hili. Tukisoma shuleni tunaambiwa Wareno walikuja kutafuta njia ya India na viungo, basi. Hawasemi kuwa walikuja na vita vya dini mgongoni, wametoka kupigana na Waislamu Morocco, wakaona misikiti Kilwa wakasema maadui ni walewale. Mwandishi andika hilo bila kuogopa.

Mwana wa Nkuhungu

Waalaykum salaam sheikh. Nitaliandika, ila na upande wa pili nitauandika: haohao Wareno Kilwa walimweka Mwislamu kwenye kiti, Muhammad Ankoni, wakamvika na taji, kwa sababu alikubaliana nao. Dini ilikuwa sababu na pesa ilikuwa sababu, ikifika mahali zikagongana mara nyingi pesa ndiyo ilipita. Na kule kwao Lisbon balaa la dini liliwaangukia zaidi Wayahudi. 1497 walilazimishwa kubatizwa, Aprili 1506 wakauawa kwa wingi mitaani, ghasia zilianzia kwenye kanisa la São Domingos. Yaani monstransi ya dhahabu yetu inakamilika mwaka uleule. Waliobatizwa wakaitwa Wakristo wapya, na wajukuu zao waliendelea kuulizwa damu yako safi au si safi. Damu wakuu. Hapo napo dini inageuka kuwa kitu cha kurithi mwilini.

Mr Data Dom

Nimesoma mahali kwamba Lisbon ya wakati huo asilimia 10 walikuwa weusi. Ni kweli? Maana hiyo ni namba kubwa sana kwa Ulaya.

Mwana wa Nkuhungu

Hiyo namba ina chanzo, ila inasomwa vibaya kila siku. Mwaka 1551 kulifanyika hesabu ya mji, wakapata watu kama 100,000 na kati yao watumwa 9,950. Watumwa, siyo weusi. Ndani ya hiyo 9,950 wamo mouro wa Afrika Kaskazini, wamo Wahindi. Na weusi waliokuwa huru, *forros*, hawamo humo. Kwa hiyo mtu akichukua 9,950 akaandika "weusi 10%" amefanya kosa langu lilelile la kujaza neno ambalo karani hakuliandika.

Na ili nisiwape matumaini hewa: Waafrika wengi wa Lisbon walitoka upande wa magharibi, Guinea, Kongo, baadaye Angola. Wa upande wetu walikuwa wachache, waliopitia njia ya meli za India. Sijidanganyi kwamba kulikuwa na mtaa wa Waswahili kule.

Mama wa Ndoo Tatu

Samahani mimi siyo msomi wa historia ila umesema mji ulivyokuwa unapanga watu. Kuwapanga vipi? Kwa sheria au watu walikuwa wanajibagua tu wenyewe?

Mwana wa Nkuhungu

Mama swali lako nalipenda kuliko yote, na kwa jina lako hilo jibu litakufaa.

Kwenye mtaa wa Alfama, karibu na mto Tejo, kuna chemchemi ya maji inaitwa Chafariz d'El-Rei, bomba la mfalme. Watu wengi wa mji wa chini walikuwa wanategemea hapo. Ilikuwa ugomvi kila siku, watu wanachomana visu kwa ajili ya foleni. Sasa 1551 halmashauri ya mji ikatoa amri: koki ziko sita, kila watu na koki yao. Ya kwanza wanaume weusi, mulato (yaani machotara) na Wahindi, watumwa na walio huru pamoja. Ya pili mouro wanaopiga makasia kwenye meli za adhabu. Ya tatu na ya nne wanaume weupe na vijana wao. Ya tano wanawake weusi, mulato na Wahindi. Ya sita wanawake weupe.

Haya tusome taratibu. Wanaume weupe wamepata koki mbili. Na angalia ile ya kwanza, aliye huru na mtumwa wamewekwa foleni moja. Umejikomboa, una cheti chako cha uhuru kwenye mfuko, ukifika bombani karatasi haina kazi, inaangaliwa ngozi. Halafu mouro wana koki yao, yaani hapo bado dini inahesabika. Rangi, dini, jinsia, vyote vimepangwa kwenye ukuta mmoja wenye mabomba sita.

Mimi nimekulia kwenye foleni ya maji. Pale kwetu zamani ilikuwa unaamka saa kumi usiku, ndoo inapangwa na wewe unarudi kulala, jiwe lako linakusimamia. Ugomvi naujua, wanawake kuvutana vitenge naujua. Lakini aliyewahi alikuwa amewahi. Nilivyosoma amri hiyo nikapiga picha nafika na ndoo yangu naambiwa koki yako ile pale, na ile ya pembeni maji yanamwagika bure hakuna mtu na siruhusiwi kusogea. Nikaielewa himaya kuliko vitabu vyote nilivyosoma.

Mama wa Ndoo Tatu

Mungu wangu. Na wanawake ndio wabebaji.

Mwana wa Nkuhungu

Ndio hivyo mama. Kubeba maji kuuza mtaani ilikuwa kazi ya wanawake weusi hasa, na kubeba vinyesi vya majumbani kwenda kumwaga mtoni pia wao. Wanaume wengine walikuwa wanapaka chokaa nyumba za watu. Mji mweupe unang'aa, wanaoung'arisha ndio hao.

Na wakifa je. 1515 mfalme Manuel aliandikia halmashauri kulalamika kwamba maiti za watumwa zinatupwa ovyo nje ya mji mbwa wanazila, akaagiza lichimbwe shimo refu, wawe wanatupiwa humo na chokaa juu. Ni mfalme yuleyule wa monstransi. Mtaa bado upo, unaitwa Rua do Poço dos Negros, watu wanakwenda kunywa kahawa.

Fursa Tu

Hapo kwenye shimo nimeishiwa maneno mkuu. Endelea, nafuta ile ya vifaranga.

Mwalimu Mstaafu

Vijana hongereni kwa uzi wenye adabu, siku hizi adimu. Nami nachangia kidogo. Mwalimu mwenzangu, usitafute Ureno kwenye Lisbon pekee. Unaandikia kwenye *meza*, nje ya shule yako inapepea *bendera*, wahuni wanacheza *karata*, *gereza* tunaliogopa wote, na hilo asili yake ni kanisa kwa Kireno. Hapa Dodoma zabibu zetu tunatengeneza *mvinyo*, nalo la kwao. Wao walichukua kafiri wakaligeuza, sisi tukachukua kanisa tukaligeuza jela. Hesabu iko sawa.

Chizi Maarifa wa Makole

Mwalimu hahahaa! Hesabu iko sawa nimeipenda.

Binti Mpwapwa

Mwenye uzi umefikiria kulinganisha na London? Nilisoma hiyo kidogo chuo. Kule kuna parokia ya St Botolph nje ya lango la Aldgate, karani wake alikuwa mbea kwelikweli, Mungu ambariki. Tarehe 3 Juni 1597 amebatizwa Mary Fillis, binti wa miaka kama 20, na karani hakuishia kwenye rangi, ameandika baba yake ni Fillis fundi wa kusuka vikapu na kutengeneza sepetu, asili yao Morocco, na binti anakaa kwa mshona nguo Millicent Porter. Mstari mmoja una familia, kazi, mtaa. Na kabla ya hapo kuna mpiga tarumbeta mweusi wa mfalme, John Blanke, amechorwa kabisa kwenye michoro ya mashindano ya 1511, yuko juu ya farasi na kilemba, analipwa peni 8 kwa siku. Hakuwa mtumwa, aliomba hadi kuongezewa mshahara.

Mwana wa Nkuhungu

Dada nashukuru. Huyo wa vikapu namhitaji kwenye sura ya tatu. Ndiyo tofauti ninayoitafuta, kwamba ukimya wa Lisbon hautokani na uhaba wa watu maana walikuwa maelfu. London wachache, karani anashangaa, anauliza, anaandika. Lisbon wengi, karani amezoea, anaandika preta anafunga wino. Mtu akishazoeleka anaacha kuulizwa anatoka wapi.

Na kuna kitu kingine cha kujua kwa anayetaka kufanya utafiti huu. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko lilipiga Lisbon, siku ya Watakatifu Wote watu wako makanisani, mishumaa ikaanguka ikawasha moto, bahari ikapanda. Casa da Índia, ofisi ya mfalme ya biashara ya India, iliyokuwa na hesabu za meli za huku kwetu iliteketea na nyaraka zake. Mnara wa nyaraka za mfalme, Torre do Tombo, ulianguka lakini karatasi nyingi ziliokolewa kwenye kifusi. Kwa hiyo ukikuta pengo usiseme haraka wamezificha. Mapengo mengine ni moto tu.

Kwa nyaraka za Kilwa yenyewe msianze na mwandiko wa mkono mtakata tamaa. Kuna mfululizo uliochapishwa Lisbon kuanzia 1962, barua na hesabu za Wareno huku kwetu toka 1497, Kireno ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Mle ndani kuna barua kutoka ngome ya Kilwa, watu wanalia njaa, wanalia maradhi, wanalaumiana kuhusu dhahabu. Walikaa mpaka 1512 wakafungasha.

Mr Data Dom

Nauliza la mwisho. Kwa nini usitafute hapahapa? Watu wa bara waliopitishwa Ugogo nao hawana majina.

Mwana wa Nkuhungu

Hiyo ni karne ya 19 mkuu, misafara ya pembe na watumwa ikilipa hongo kwa watemi wa Ugogo. Mreno wa 1500 hakufika huku, tusichanganye, nimeshaona mtu kwenye mitandao kaandika Vasco da Gama aliuza Wagogo. Ila kuhusu majina umenigusa pabaya.

Likizo ya Juni nilikwenda kijijini upande wa Kongwa kwa mazishi. Baada ya mazishi nikaomba padri anioneshe kitabu cha ubatizo cha zamani, nilitaka tu kujizoesha macho na Kilatini, maana bibi mzaa baba alibatizwa pale akiwa msichana. Padri kijana mzuri, akafungua kabati, akapuliza vumbi. Tukafungua kwa uangalifu, mchwa wamekula kona.

Binti Mpwapwa

Ukampata?

Mwana wa Nkuhungu

Nilimpata. Magdalena. Tarehe ipo, jina la padri aliyebatiza lipo, mama wa ubatizo yupo. Kwenye nafasi ya baba pameandikwa *paganus*, yaani mpagani. Ya mama, *pagana*. Jina la baba yake bibi ninalijua kwa sababu tuliimbiwa tukiwa watoto, na la bibi mwenyewe la Kigogo alilopewa kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha nalo nalijua. Kwenye karatasi hayapo yote mawili.

Padri akaniuliza, mwalimu nikupigie picha? Nikamwambia piga.

Mwalimu Mstaafu

Yaandike hapa hayo majina mwanangu.

Mwana wa Nkuhungu

Nitayaandika mzee, ngoja nimpigie shangazi kwanza kesho anihakikishie herufi. Sitaki nikosee.